Markus Rehm na mguu anaorukia

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika wasifu wa Markus Rehm, Mjerumani bingwa wa kuruka chini katika Paralimpiki, na kuna jambo linanitatiza. Tarehe 25 Juni 2023, mjini Rhede, aliruka mita 8.72, umbali ambao ungetosha kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya London, Rio, Tokyo na hata Paris. Kwa nini basi hajawahi kuruka katika Olimpiki?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, mzozo ni kama mguu wake bandia unamnufaisha kuliko wengine, na kiini chake ni kwamba Rehm hurukia mguu wa kulia, ambao ndio uliokatwa chini ya goti baada ya rafadha ya boti kumjeruhi mwaka 2003, alipokuwa akiteleza majini kwa ubao akiwa na umri wa miaka 14. Itazame hatua yake ya mwisho kwa mwendo wa polepole: mguu huo bandia wa kaboni unagusa ubao wa kurukia, unajikunja kwa uzito wake wote, kisha unafyatuka na kumrusha juu. Kifundo cha mguu wa kawaida hupoteza sehemu ya nguvu hiyo. Hata hivyo, mguu huohuo humpunguzia kasi anapokimbilia ubao. Watafiti waliompima waliyaona yote mawili, na hadi mwaka 2016 hawakuweza kusema kwa hakika ni lipi linalozidi.

Mchangiaji wa pili

Niongeze kwamba mwaka 2014, mjini Ulm, aliruka mita 8.24 na kuwa bingwa wa Ujerumani mbele ya wanariadha wasio na ulemavu, lakini shirikisho la nchi yake halikumjumuisha katika timu ya mashindano ya Ulaya ya Zurich. Baadaye shirikisho la kimataifa lilimtaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba hanufaiki na mguu huo, na Julai 2021 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikalikataa ombi lake la kwenda Olimpiki ya Tokyo. Kwa maoni yangu, kumtwika mwanariadha mmoja mzigo wa kuthibitisha jambo lililowashinda wataalamu hakukuwa haki.

Mchangiaji wa tatu

Naomba wasifu wako usiishie kwenye mabishano hayo. Rehm ni fundi wa viungo bandia kwa taaluma, kwa hiyo mguu anaorukia anaufahamu kwa mikono yake mwenyewe. Kocha wake amekuwa Steffi Nerius, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2009. Ameshinda dhahabu ya kuruka chini katika Paralimpiki nne mfululizo: London kwa mita 7.35, Rio 8.21, Tokyo 8.18 na Paris 8.13. Kati ya London na Rhede aliongeza mita 1.37, na sioni haki kuihesabia kaboni peke yake.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nilipanga kuanza na ajali. Sasa nitaanza na ile hatua ya mwisho kwenye ubao.