Chuchu zimechanika: maziwa yenyewe, lanolini, mafuta ya nazi au krimu ya dukani?

Mkunga Zamu ya Usiku
Wapendwa, naweka ulinganisho huu mahali pamoja maana swali halikauki. Kipimo changu ni kimoja: unachopaka kwenye chuchu kinaishia tumboni mwa mtoto, na kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku.

Maziwa yenyewe: mtoto akishaachia, kamua matone mawili matatu, yapake kwenye chuchu na duara jeusi linaloizunguka, kaa dakika chache bila sidiria mpaka yakauke. Hayafutwi wala hayanunuliwi.

Lanolini: ni nta inayotoka kwenye manyoya ya kondoo. Chukua ile iliyosafishwa kwa ajili ya wanaonyonyesha, ambayo orodha ya viambato vyake ina neno moja tu. Chukua kiasi cha punje ya choroko, ipashe moto kati ya vidole mpaka ilainike, kisha igusishe juu ya chuchu. Usiisugue, ngozi iliyochanika inavutika. Haina haja ya kufutwa. Kosa la wengi ni kupaka nyingi: ziwa linateleza, mtoto anabaki ameshika ncha tu, jeraha linachimbika zaidi. Mwenye mzio wa sufu aiache.

Mafuta ya nazi: yanalainisha ngozi kavu, lakini kwenye mpasuko ulio wazi sioni yanachoongeza juu ya hayo mawili.

Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba) ya mwaka 2014 yalilinganisha tiba za chuchu zinazouma na kuona kwamba kutopaka chochote, au kupaka maziwa ya mama tu, huenda kukawa sawa na lanolini au hata bora kuliko hiyo kwa siku za mwanzo. Kwa wanawake wengi maumivu yalipungua kufikia siku ya 7 hadi 10 hivi baada ya kujifungua, tiba yoyote waliyotumia. Kwa hiyo anza na kisicho na gharama.

Fundi Dawa
Naongezea upande wa dukani, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo. Mama akisema chuchu zinawasha na zimechanika, mara nyingi anapewa tyubu ya mchanganyiko wa tatu kwa moja: Gentrisone, Funbact-A na za jamii hiyo. Geuza boksi usome. Ukiona BETAMETHASONE, hiyo ni steroidi kali. Inapunguza wekundu haraka, ndiyo maana inasifiwa, lakini inaifanya ngozi iwe nyembamba, na mtoto anailamba. Usiipake kwenye chuchu bila daktari kukuandikia.

Maneno mengine ya kutafuta nyuma ya boksi: BENZOCAINE na LIDOCAINE ni dawa za ganzi. Zinamtia ganzi mtoto mdomoni, anashindwa kunyonya vizuri, na benzocaine inaweza kuharibu uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. CHLORPHENESIN na PHENOXYETHANOL: mwaka 2008 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo juu ya krimu moja ya chuchu iliyokuwa na viwili hivi, kwa kuwa vinaweza kumletea kichanga shida ya kupumua, kutapika na kuharisha. Mafuta mazito ya mgando, yaani parafini, nayo yaache: hayachanganyiki na maji, mtoto anayala kila anaponyonya.

Na krimu yoyote yenye manukato, hata iwe imechorwa mtoto kwenye kopo, si ya chuchu.

Bint Kisiwani
Asante, Fundi. Vya nyumbani navyo vitajwe, maana bibi zetu wanavitoa kwa nia njema. Asali hapana kabisa. Mtoto aliye chini ya miezi 12 anaweza kupata botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, kutokana na vijidudu vilivyomo, na kuichemsha jikoni hakuviui. Shubiri nayo: tunajua sote kwamba hupakwa ili kumwachisha mtoto ziwa. Utomvu wake wa njano ni mchungu na unaharisha. Kwa nini umpake anayetakiwa kunyonya?

Mafuta ya nazi ya kupika mwenyewe huwa yamebakiwa na maji ya tui. Yakinusa uchachu, usiyapake kwenye kidonda.

Mama Pacha
Dada zangu, mimi nakataa kuanza na tyubu. Angalia chuchu mtoto anapoiachia tu. Ikitoka mviringo kama ilivyoingia, sawa. Ikitoka imebinywa bapa, ina mstari mweupe kwenye ncha, basi inabanwa kwenye kaakaa gumu, na hakuna krimu itakayoponya kinachobinywa mara 10 kwa siku.

Mlete mtoto kwenye ziwa, usilipeleke ziwa kwa mtoto. Pua yake ielekee chuchu, subiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, kisha mvute karibu, kidevu kitangulie. Akishika vizuri, sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini, na mdomo wa chini umepinduka nje. Bado inauma baada ya mivuto ya kwanza? Ingiza kidole kidogo kisafi pembeni ya mdomo wake, achia, anza upya. Usimng'oe.

Wanaotumia pampu wapime kikombe chake pia. Kikibana, chuchu inasuguana na kuta. Kikizidi, kinavuta hadi duara jeusi.

Jirani Mpya
Na GV (gentian violet), ile dawa ya zambarau? Na pedi za maziwa?

Fundi Dawa
GV iache. Ikiwa kali inamchoma mtoto mdomoni, na mwaka 2019 Wizara ya Afya ya Kanada ilionya kwamba inahusishwa na hatari ya saratani. Kama ni fangasi kweli (maumivu ya kuunguza yaliyoanza baada ya wiki kadhaa za raha, ngozi inayong'aa, utando mweupe mdomoni mwa mtoto usiofutika kama maziwa), mama na mtoto watibiwe pamoja. Kwa kawaida ni mikonazoli 2% kidogo kwenye chuchu baada ya kunyonyesha, na matone ya nistatini kwa mtoto. Mmoja akiachwa, anamrudishia mwenzake.

Pedi: zenye plastiki nyuma zinatunza unyevu, ngozi inavimba na kuchanika upya. Kipande cha pamba kilichofuliwa, kikaanikwa juani na kupigwa pasi kinatosha. Badilisha kikilowa. Kikigandia kidondani, kiloweshe maji kwanza ndipo ukivue.

Mkunga Zamu ya Usiku
Sabuni na spiriti visiguse chuchu. Vile vipele vidogo kwenye duara jeusi vinatoa mafuta yake, maji matupu yanatosha.

Mama anayeishi na VVU chuchu zikichanika asisubiri krimu ifanye kazi, kwa sababu jeraha linaongeza uwezekano wa mtoto kuambukizwa. Aende kliniki siku hiyo hiyo, aendelee na ARV, anyonyeshe ziwa lisilo na jeraha na alikamue hilo lingine lisijae mpaka apewe maelekezo. Kwa mama yeyote, homa, ziwa kuwa jekundu na la moto, au usaha kwenye mpasuko: hospitali, leo.