Naomba ushauri: kueleza utafiti wangu kwa dakika 3

Ndugu wanachama, hamjambo. Ninasomea shahada ya uzamili hapa Mombasa, na karibuni nitaeleza utafiti wangu mbele ya watu wa kawaida kwa kanuni za shindano lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008: dakika 3, slaidi moja isiyo na mwendo, bila kushika chochote cha kuonyesha. Anayezidisha muda huondolewa.

Ninachunguza kaboni iliyohifadhiwa katika matope ya mikoko ya mkondo wa Tudor. Msimamizi wangu angependa nitaje mbinu za maabara, jambo ambalo, kwa heshima zote, naona litawasinziza watu. Mimi ningependelea kuanza na matope yenyewe, meusi na yenye harufu ya yai viza, kwa sababu harufu hiyo huashiria ukosefu wa oksijeni, na ukosefu huo ndio unaofanya mizizi na majani yaliyokufa yaoze polepole mno, kaboni ikabaki ardhini.

Mliowahi kusimama jukwaani, mlikata nini kwanza? Na slaidi ibebe picha ya matope au grafu? Wavuvi na wauza boriti watakuwapo, nao wanaijua mikoko kunishinda.