Ushauri: waya wa kuchomelea usio na risasi, nichukue upi na fluksi gani?

Shangani Sola: Wakuu, habari za humu. Nipo Mtwara mjini. Jioni nikitoka kazini napenda kuunda taa za sola, amplifaya na redio ndogo. Nataka kuachana na waya wa kuchomelea wenye risasi. Kuna wa bati na shaba, na kuna ulioongezwa fedha ambao bei yake imechangamka. Nichukue upi, na fluksi gani, ile dawa ya kusaidia waya ushike? Naombeni majibu mapema, jambo hili linaninyima usingizi.

Korosho Standadi: Kaka, subiri minada ya korosho ifunguliwe, utanunua hata wenye dhahabu.

Mzee wa Bodi: Mkuu, wa bati 99.3 na shaba 0.7 unayeyuka nyuzijoto 227. Wenye fedha asilimia 3 unaanza 217. Wa bati 63 na risasi 37 ni 183 tu. Kwa hiyo angalia kwanza chuma chako cha kuchomelea. Kama ni dhaifu, kikigusa shaba pana kinapoa na kiungo kinabaki kimevimba kama tonge. Fluksi chukua ya rosini, ile ya utomvu wa msonobari. Ya mafundi bomba usiiguse, ina asidi.

Mtwara Kuchele: Mjomba wangu alikuwa fundi redio Masasi. Waya wa risasi alikuwa anaushika kwa meno ili mikono yote iwe kazini, na hakuna aliyemkataza. Msimu wa korosho watu walipanga foleni na redio zao mpaka usiku. Alikuwa fundi hasa, Mungu amrehemu.

Mama Wawili: Mdogo wangu, waya haumnyimi mtu usingizi. Humo ndani unaishi na nani?

Shangani Sola: Dada, hakuna anayeumwa. Ila tumepanga chumba na sebule, meza yangu ipo sebuleni, na mwanangu ameanza kutambaa. Ndiyo maana nataka waya safi. Rola ya bati na shaba nimeshailipia Dar, inakuja na basi.

Ligula Juu: Baba mzima unachomelea anapocheza mtoto! Mambo ya kujifurahisha yana wakati wake, familia kwanza.

Mzee wa Bodi: Vipuri unavitoa wapi?

Shangani Sola: Kwenye bodi za redio na runinga mbovu. Napasha moto, nagonga bodi kwenye ukingo wa meza, kipuri kinachomoka. Lakini nafagia kila siku, na moshi nausukuma dirishani kwa feni.

Mzee wa Bodi: Tatizo lako ni hilo. Ulaya ilizuia risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 1, 2006, na bodi za kabla ya hapo karibu zote zimechomelewa kwa risasi. Ukigonga, vitone vinaruka sakafuni, na hiyo rola yako mpya haivizuii. Moshi nao ni wa fluksi, upo hata kwa waya usio na risasi, na wa rosini unaweza kuleta pumu. Risasi yenyewe inapita mikononi hadi mdomoni. Mtoto anayetambaa anaonja kila anachookota.

Chuno Kijiweni: Hii chai. Kwanza waya, kisha mtoto, sasa runinga mbovu, na rola tayari imelipiwa! Ngojeni, jioni ataweka namba ya simu ya kuuzia waya salama.

Shangani Sola: Ndugu, siuzi kitu. Bodi ya taa niliyochomelea masika ipo mbele yangu. Kwenye miguu ya kapasita pameota kijani, nikikwangua kwa ukucha unatoka unga, na shaba chini yake imelika. Nilidhani ni hewa ya bahari.

Mzee wa Bodi: Huyu hatungi. Mkuu, hiyo ni fluksi ya bomba. Asidi iliyobaki inaendelea kula shaba, na unyevu wa pwani unaisaidia. Isugue kwa mswaki na maji ya moto, ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Shangani Sola: Dukani waliniambia inafaa kwa kazi zote. Sawa, nitatafuta rosini. Ila rola siirudishi, na barazani jioni kuna mbu.

Mama Wawili: Feni inayosukuma moshi itafukuza na mbu. Toka nje. Usifagie pakavu, futa kwa kitambaa kibichi. Osha mikono kwa sabuni na ubadili shati kabla ya kumbeba. Kliniki mweleze mhudumu kazi unayofanya, uulizie kipimo cha risasi kwenye damu.

Mzee wa Bodi: Rola baki nayo, ni nzuri. Tafuta chuma cha wati 60 chenye kidhibiti joto, uweke karibu nyuzijoto 350. Kiungo kikipoa hakitang'aa kama cha risasi, usikirudie ukidhani kimeharibika. Bodi za zamani usigonge tena, yeyusha na unyonye risasi kwa utambi wa shaba, na mabaki yaingie kwenye kopo lenye mfuniko.

Shangani Sola: Meza nimeitoa. Mama mtoto anauliza mkeka aufue au autupe?

Mama Wawili: Kama ni wa plastiki, uoshwe nje kwa sabuni. Wa ukili utupeni, vitone vinajificha kwenye misuko.