Naomba ushauri: ramani ya kugusa ya Bukavu kwa mdogo wangu asiyeona

Jambo wandugu. Mdogo wangu haoni tangu utoto, na sasa anataka kutembea peke yake na fimbo yake nyeupe kutoka kwetu Kadutu hadi Nyawera. Namtengenezea ramani ya kusoma kwa vidole.

Ya kwanza niliifanya kwenye katoni: barabara kwa kamba, Ziwa Kivu kwa kipande cha gunia, soko kwa vifungo vya shati. Akaipapasa, akanyamaza, kisha akasema: "Yaya, vitu ni vingi, sijui niko wapi." Alisema kweli. Jicho linaona ramani yote mara moja, kidole kinasoma kipande baada ya kipande. Maandishi ya nukta nundu, yale wasioona wanasoma kwa vidole, nayo hayapunguziki ukubwa, jina moja la avenyu linameza nafasi yote. Sasa naweka herufi mbili tu, na maelezo kwenye karatasi ya pembeni.

Kinachonishinda ni milima. Huku kwetu ni kupanda na kushuka, na kwake mteremko ni alama kubwa kuliko jina lolote. Niuonyesheje bila kuuchanganya na barabara? Na gundi gani haibanduki kwa unyevu? Hasa ninyi msioona, mnielekeze.