Mkeka wa kudansi haujafa! Acheni kuambiana "nunua mwingine" na acheni kufundishana ukarabati unaoua mkeka

Wakuu,

Uvumilivu umefika mwisho. Nazungumzia mkeka wa gemu ya dansi, ule wenye mishale unayoikanyaga kwa kufuata mdundo, unaochomekwa kwenye kompyuta au mashine ya gemu. Mtu akiuliza kwa nini mshale wa kushoto haushiki, anapewa majibu mawili tu: nunua mkeka mwingine, au bandika foili ya jikoni. La kwanza linamtoa mtu hela kwa kosa la dakika ishirini. La pili linaharibu hata mishale iliyokuwa mizima. Na wauzaji wanafurahi, maana mkeka unaobebwa kwenda jalalani ndio unaowaletea mteja tena.

Mkeka laini hauna siri yoyote. Fumua ushonaji wa ukingo mmoja, ule ulio upande wa kiboksi, kile chenye bodi ya umeme na kebo. Juu kuna ganda lenye picha za mishale. Chini yake karatasi ya plastiki iliyochapwa njia nyeusi za kaboni, kisha sponji nyembamba yenye matundu, kisha karatasi ya pili yenye njia zake, halafu ganda la chini. Ukikanyaga, karatasi ya juu inazama kwenye tundu la sponji, inagusa ya chini, saketi inafunga, kiboksi kinatuma mshale. Basi. Bandai waliuza mkeka wa kukanyaga kwa mashine ya Nintendo tangu 1986, na Konami wakaleta gemu ya dansi ya Dance Dance Revolution kwenye kumbi za gemu za Japani mwaka 1998. Miaka yote hiyo, na bado mtu anauziwa kitu kinachokatika kwa sababu tu kilikunjwa kama shuka!

Kabla ya kugusa chochote, soma dalili. Watu hawafanyi hivi, ndiyo maana wanabomoa mahali pasipo na ugonjwa.

Mshale mmoja umekufa, mingine mizima: njia ya kaboni imekatika, na karibu kila mara imekatikia kwenye mstari wa kukunjia. Mishale miwili au mitatu imekufa kwa pamoja: usihangaike na karatasi, angalia mkia wa karatasi hiyo ya plastiki unapoingia kwenye kiboksi. Pale hakuna lehemu, mkia umebanwa tu juu ya bodi kwa kipande cha plastiki na skrubu ndogo, na mitetemo ya miguu inazilegeza. Kaza kwanza. Yote imekufa: kebo, au njia ya pamoja inayohudumia mishale yote. Mshale unajibonyeza wenyewe au haukatiki: sponji imelala, karatasi mbili zimebaki zimegusana.

Sasa kwenye njia iliyokatika. Chukua multimita, kile kipimia umeme, weka kwenye omu (upinzani wa umeme), ncha moja kwenye mkia na nyingine mwisho wa njia. Njia nzima ya kaboni inaweza kusoma makumi ya omu hata maelfu, kutegemea wino na urefu, kwa hiyo usishtuke ukiona namba kubwa. Linganisha na njia ya mshale mzima. Iliyokatika haisomi kitu. Sogeza ncha taratibu mpaka usomaji urudi, hapo ndipo ufa ulipo. Mara nyingi hauonekani kwa macho.

Foili ya jikoni hapana! Gundi ya selotepu unayobandikia haipitishi umeme, aluminiamu inajifunika utando wa oksidi, na foili inachanika ndani ya siku chache ikivutwa huku na huku na mguu. Vipande vinatembea ndani ya mkeka na kuunganisha mishale isiyohusiana. Penseli nayo hapana, grafiti inapukutika. Na yule anayefundisha kulehemu waya juu ya karatasi ile aache mara moja: chuma cha kulehemu kina joto la nyuzi 300 na zaidi, plastiki inayeyuka kabla lehemu haijatulia, na wino wa kaboni haushiki lehemu hata ukibembelezwa.

Kinachofanya kazi ni utepe wa shaba wa milimita 5 wenye gundi inayopitisha umeme. Pima kabla ya kununua roli nzima: bandika vipande viwili kimoja juu ya kingine, multimita isome karibu na sifuri kupitia gundi. Isiposoma hivyo, gundi ni ya kawaida na utepe huo haukufai. Futa njia kwa kifutio laini cha penseli, mara mbili tatu tu, usikwangue. Usitumie spiriti nyingi, inaweza kuondoka na wino. Bandika utepe uvuke ufa kwa sentimita 1 kila upande, sugua kwa mgongo wa kijiko, pima tena, kisha funika kwa selotepu nyembamba. Selotepu isifike kwenye eneo la kukanyaga, la sivyo umeziba mguso wenyewe.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni adapta, kile kifaa cha kuunganisha plagi ya PlayStation na USB ya kompyuta. Mtu anatengeneza mkeka vizuri, anauchomeka kwenye kompyuta, kila mshale unashika, lakini akiruka kushoto na kulia kwa pamoja hakuna kinachotokea. Anaambiwa mkeka ni mbovu. Mkeka ni mzima! Adapta nyingi za bei rahisi za kontrola ya PlayStation zinageuza mishale kuwa mhimili: kushoto hasi, kulia chanya. Ukikanyaga vyote viwili vinafutana, kompyuta inasoma katikati. Kwenye gemu ya kawaida hakuna anayebonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja, lakini kwenye dansi ndiyo kazi yenyewe. Kwenye Windows andika joy.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua sifa za kontrola, kanyaga miwili kwa pamoja. Zikiwaka namba mbili za vitufe, adapta inafaa. Kikisogea kialama cha msalaba tu, irudishe dukani siku hiyohiyo. Muuzaji anayeandika "inafaa kwa dansi" bila kupima jambo hili anadanganya wateja, na tumwambie hivyo.

Kuimarisha. Mkeka ukitandazwa juu ya kapeti unazama, ukitandazwa juu ya vigae unateleza. Unahitaji ubao. Plaiwudi ya milimita 18. Ya 12 inatosha kama sakafu yako imenyooka kabisa. Shiti ya futi 8 kwa 4 inatoa mbao mbili za sentimita 100 kwa 110, na mkeka mwingi wa nyumbani unakaa juu yake na kubakiza ukingo pande zote. Chini ya ubao bandika vipande vya tyubu ya baiskeli, vinne kwenye pembe, vinne kati ya pembe na pembe, na kimoja katikati. Cha katikati msikiache, ndicho kinachozuia ubao kupiga ngoma.

Usipige skrubu kupenya kwenye mkeka. Nashangaa jambo hili bado linahitaji kuandikwa. Njia za kaboni zinapita chini ya pembe na ukingoni pia, siyo chini ya mishale peke yake. Shikilia karatasi kwenye mwanga uone zinapokwenda, kisha bana mkeka kwa fremu ya mbao nyembamba kuzunguka nje, skrubu zikikaa nje ya karatasi kabisa. Na usitumie gundi ya mpira, viyeyusho vyake vinalainisha ganda. Tepu ya pande mbili kwenye pembe nne inatosha.

Mwenye hoja alete hoja. Anayekuja kuandika "nunua mpya" apite tu.

---

Seremala_wa_Pwani:

Mkuu, umesema kweli tupu, ila umeishia njiani. Ubao bila vigae vya juu bado ni mkeka laini, mguu unauvuta na karatasi zinakunjika upya. Juu ya kila mshale weka kigae cha polikaboneti cha milimita 3. Pima mraba wa mkeka wako mwenyewe, kisha kata kigae kipungue milimita 2 kila upande kisije kikakwama. Akriliki msiitumie, inapasuka kwa kisigino na ukingo wake unakata nyayo. Viringisha pembe, piga msasa namba 120 halafu 240.

Miraba mitano isiyo na mshale jaza kwa plaiwudi nyembamba inayozidi vigae kwa milimita 1 au 2. Mguu utaujua mpaka bila macho kushuka chini. Kama pembe za mkeka wako zina vitufe vya kuchagulia menyu, hizo ziache wazi.

Na tafadhali, polikaboneti haifutwi kwa petroli wala asetoni. Inaota nyufa ndogondogo na baadaye inavunjika. Maji ya sabuni tu.

---

Kisigino254:

Wakuu, sponji imelala kwenye mshale wa juu. Naweza kukata ya godoro nikabadilisha?

---

Mwanzisha uzi:

Hapana ndugu yangu. Sponji ya godoro ya sentimita 1 itakufanya ukanyage kwa nguvu mno, na mguso utachelewa. StepMania, gemu ya dansi ya kompyuta, kwa mpangilio wake wa kawaida inatoa alama ya Perfect ndani ya sekunde 0.045 kabla au baada ya mdundo, na ya juu zaidi, Marvelous, ndani ya 0.0225. Sponji nene inakula muda huo wote, halafu unadhani wewe ndiye mzito.

Tafuta sponji ya milimita 3 yenye gundi upande mmoja, ile inayobandikwa kwenye fremu za milango kuzuia vumbi. Kata vipande vya upana wa sentimita 1, bandika kuzunguka mraba wa mshale, kisha weka vitone vitano vya sponji hiyo ndani: kimoja kati, vinne nusu ya njia kuelekea pembe. Kama sponji ya zamani haijachanika, iache na uongeze vitone tu. Jaribu kwa kidole kabla ya kushona: kidole kimoja kiwashe mshale, ukikitoa uzime papo hapo.

---

WayaMwekundu:

Kuhusu kebo ya USB, inakatikia sentimita chache kutoka kwenye kiboksi, pale inapokanyagwa na kupinda. Kata sehemu mbovu, unga upya kwa rangi: nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, nyeupe na kijani ni data. Lakini msiamini rangi kwa macho, kebo za bei rahisi zinachanganya. Pima kila waya kutoka kwenye plagi kwanza, kwa sababu nyekundu na nyeusi zikibadilishana, bodi inaweza kuungua. Ukimaliza, funga fundo ndani ya kiboksi ili mvuto uishie kwenye fundo, siyo kwenye lehemu.

---

Mguu_Chuma:

Na wenye padi za chuma, zile ngumu zenye paneli badala ya mkeka laini, wasisahaulike. Kule tatizo ni mshale unaoshika pembeni lakini haushiki kati, au kinyume chake. Fungua paneli, angalia vishikizo vya pembe nne. Kimoja kikiwa chini kuliko vingine, weka vipande vya kadi ngumu chini ya sensa, kimoja kimoja, ukijaribu kila mara. Ukizidisha, mshale utabaki umebonyezwa.

Bodi ikifa kabisa, Arduino Leonardo, bodi ndogo unayoipangia programu mwenyewe, inachukua nafasi yake, kwa sababu chipu yake ya ATmega32U4 inajitambulisha yenyewe kwenye kompyuta kama kibodi au kontrola. Arduino Uno ya kawaida haiwezi hivyo, na bado naona watu wanauziwa Uno kwa kazi hii! Waya nne za mishale kwenye pini nne, moja ya pamoja kwenye GND (upande wa hasi), washa vizuizi vya ndani vya bodi kwa kuandika INPUT_PULLUP kwenye programu. Kukanyaga kusomwe papo hapo, na kucheleweshwa kwa milisekunde 5 kuwekwe kwenye kuachia tu.

---

Mwanzisha uzi:

Mguu_Chuma, sahihi kabisa, ila hiyo INPUT_PULLUP iende moja kwa moja na padi za chuma tu. Kwenye mkeka laini, njia ya kaboni ikiwa na maelfu mengi ya omu, volti haishuki vya kutosha na mshale unaruka bila kusomeka. Pima njia kwanza. Ikizidi omu 10,000, tandika utepe wa shaba urefu wote wa njia kuanzia kwenye mkia, ndipo uunganishe Leonardo.