Mada: Bibi anasema "uchi ni kaeritai", nimjibuje?

Kutoka: Dada wa Saitama

Wanajamii, habari za wiki. Wakubwa wote shikamooni.

Nina swali la kazini ambalo kamusi imeshindwa kunijibu. Nahudumia wazee katika makao moja hapa Saitama, Japani, huu ni mwaka wangu wa pili. Tuna bibi wa miaka 91 ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Mchana ni mtu wa kucheka na kuimba. Jua likianza kuzama anachukua mkoba wake, anakwenda kusimama mlangoni na kusema: "Uchi ni kaeritai." Nataka kurudi nyumbani.

Juzi nilikuwa peke yangu ukumbini. Nikamjibu kwa upole: "Ie wa koko desu yo," nyumba ni hapa. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, kisha akalia. Mwenzangu Mjapani alinivuta pembeni akaniambia kwamba bibi kasema uchi, mimi nimejibu ie. Akaishia hapo kwa sababu kengele za vyumbani zilikuwa zinalia.

Na niseme wazi: neno hilo nimelikwepa tangu siku niliyotua. Nimelelewa nisilitamke mbele ya watu wazima, hata nikijua kwamba kwa Kijapani maana yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo kila mahali nasema ie, na nilidhani yanalingana. Nina zamu ya usiku kesho na bibi atakuwa mlangoni. Nimjibu nini?

Kutoka: Mzee wa Nagoya

Marahaba mwanangu. Pole kwa machozi ya bibi, na pole kwako pia.

Ie ni nyumba unayoweza kuipiga picha. Ina paa, ina ngazi, inauzwa, inaungua. Uchi maana yake ya kwanza ni "ndani", na kinyume chake ni soto, "nje". Siku ya Setsubun, mwanzoni mwa Februari, umeona watu wanavyorusha soya zilizokaangwa wakipaza sauti: "Oni wa soto, fuku wa uchi." Mazimwi nje, heri ndani. Hapo hawazungumzii matofali. Wanazungumzia upande gani wa kizingiti uko salama na nani yuko nawe upande huo.

Neno letu linalokaribia ni "kwetu". Mtu wa Tanga akisema "nakwenda kwetu" hakutajii jengo, pengine hata nyumba yenyewe ilishabomoka. Anataja watu na mahali ambapo haulizwi amefuata nini. Sasa isikilize sentensi ya bibi hivi: "Nataka kurudi kwetu." Nawe ukamjibu: "Nyumba ndiyo hii." Ningekuwa yeye ningelia.

Ila usidhani uchi ni jamaa wa damu tu. Mpaka wake unasogea, na hapo ndipo wengi wetu tunaumia bure. Mwaka wangu wa kwanza kiwandani, msimamizi wangu alikuwa akiniita kwa jina langu na san, neno la heshima linalofuata jina, kila siku, kwa adabu kamili. Siku moja walikuja wateja. Akanitambulisha kwa jina kavu, bila san. Nilikasirika. Nikasema moyoni, kumbe heshima yake ilikuwa ya faraghani, mbele za watu mweusi hana san. Nilinuna karibu wiki nzima, nikawa siendi kula na wenzangu.

Fundi mmoja aliyekaribia kustaafu ndiye aliyenieleza. Mbele ya mtu wa soto, mtu wa uchi hapandishwi. Hata mkurugenzi wa kampuni, mbele ya mteja, anatajwa bila san na wafanyakazi wake mwenyewe. Wateja ndio waliostahili san siku ile, kwa kuwa ndio waliokuwa wageni. Mimi nilikuwa nimewekwa ndani, na nilikuwa nimenuna kwa ajili hiyo. Nimekaa nchi hii tangu 2003 na sijasahau siku aliyonieleza.

Kwa hiyo, wanangu mnaopokea simu kazini: mtu wa nje akimuulizia mkubwa wako, unamtaja kwa jina la ukoo bila san, na kitenzi unakishusha, unasema orimasu, "yupo" ya unyenyekevu, na si irasshaimasu, "yupo" ya kumtukuza. Nyumbani ni vivyo hivyo. Mama yako ukimzungumzia kwa wengine ni haha, mama wa mwenzio ni okaasan. Mke wako ni kanai, maandishi yake ni "ndani ya nyumba", japo vijana wengi siku hizi hawalipendi na wana haki yao. Sisi nasi tuna wazee ambao hawataji wake zao, wanauliza tu "watu wa nyumbani hawajambo?"

Kutoka: Mwanafunzi, Sendai

Shikamoo Mzee. Samahani, nakukatiza kwa heshima. Hiyo ie uliyoieleza kama paa na ngazi naona imepungua.

Nasoma sheria hapa. Sheria ya kiraia ya 1898 iliifanya ie kuwa taasisi: mkuu wa nyumba alikuwa na mamlaka juu ya jamaa wote walioandikwa chini yake, hata kuoa na mahali pa kuishi vilihitaji ridhaa yake. Utaratibu huo ulifutwa kwa marekebisho ya 1947, lakini neno limebaki na uzito ule. Nadhani watu wa pwani wataelewa nikisema ie ni kama "mlango", ule wa ukoo, tunaomaanisha tukiuliza huyu ni wa mlango gani. Alama yenyewe ya kuandikia, 家, husomwa ie, husomwa uchi, na kwenye makaburi husomwa ke: nyumba ya fulani, wote wamelazwa pamoja.

Na mimi naomba msaada wa upande mwingine: natafuta chumba. Wakala ananiambia manshon, nikadhani ni jumba la kitajiri, kumbe chumba kimoja.

Kutoka: Mzee wa Nagoya

Umenisahihisha vizuri, nakubali. Mlango ndilo neno.

Chumba: manshon ni ghorofa la zege, apaato ni jengo jepesi zaidi, la mbao au chuma, na kelele za jirani utazisikia. Jō, kipimo cha mkeka mmoja wa tatami, kwenye tangazo haipungui mita za mraba 1.62, kwa hiyo jō 6 ni kama 9.7. Uliza mapema kuhusu reikin, pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba, maana hiyo hairudi, na shikikin, ambayo ni amana. Ukihamia manispaa nyingine una siku 14 za kwenda kuandikishwa ofisi ya mji au kata. Mengine tuyaweke kwenye mada yake, tusimpotezee dada swali lake.

Lakini kwa kuwa umetaja maandishi, nina la kuongeza. Nilioa hapa 2008. Wakati huo wageni tulikuwa na daftari letu la peke yetu. Mke wangu akienda kuchukua jūminhyō, karatasi inayoonyesha nani anaishi kwenye nyumba, jina langu halimo kwenye orodha. Tulikuwa na mtoto tayari. Karatasi inasoma mama na mtoto, kana kwamba baba hayupo, nami nimesimama pale pale kaunta nimembeba huyo mtoto. Kuna ofisi zilizokuwa zinakubali kuandika maelezo pembeni ukiomba, na kila mara ilibidi tuombe.

Tarehe 9 Julai 2012 utaratibu ulibadilishwa, wageni wakaingizwa kwenye daftari moja na wenyeji. Mke wangu alikwenda kuichukua karatasi bila kuniambia. Nilirudi jioni nikasema tadaima, nimerudi, kama ilivyo desturi. Akajibu okaeri, karibu tena, akaiweka mezani. Majina matatu. Ninayo bado.

Kutoka: Mama wa Osaka

Asalaam aleikum nyote. Mzee, hiyo karatasi imenitoa machozi asubuhi na mapema.

Mwanangu wa Saitama, hilo la kuona haya kulitamka nalijua sana, mimi ni wa Mombasa. Dawa yake ni kuongeza o mbele: o-uchi. Ndiyo namna ya heshima ukizungumzia kwa mwenzio, na ulimi wako utapata pa kushika. Kwa bibi huyo ndivyo ungesema hata kama neno lisingekutia haya, kwa sababu kwao ni kwao, si kwako.

Huku Kansai, eneo letu la Osaka, utalisikia hata zaidi, maana wanawake na wasichana hulitumia kwa maana ya "mimi". Binti yangu, darasa la nne, husema "uchi" kila sentensi ya pili. Siku moja nyanya yake alimsikia kwa simu kutoka Mombasa, akakata simu, kisha akanipigia mimi. Nilimweleza kwa utaratibu: huyu mtoto anasema "mimi", na neno hilo hilo ndilo "ndani" na ndilo "kwetu". Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi mwambie aseme kwa Kijapani na wenzake, na akizungumza na mimi aseme "miye". Tumeshika hilo mpaka leo.

Mdogo wake, wa kiume, mwalimu aliniandikia kwenye daftari la mawasiliano kuwa ni uchi-benkei. Nilishtuka, nikadhani mtoto kafanya jambo. Benkei alikuwa mtawa shujaa wa karne ya 12, mwenye nguvu za kutisha. Uchi-benkei ni shujaa wa ndani: nyumbani anatawala, anapiga kelele, anaamrisha, akitoka nje hatoi sauti. Na kweli, mwanangu shuleni hakuwa anasema neno. Mwalimu hakumaanisha kumtukana, alikuwa ananiuliza kama nyumbani anazungumza. Nikamjibu anazungumza lugha mbili na hanyamazi. Kuanzia hapo akamweka karibu na mtoto wa jirani yetu, mtu anayemjua kutoka nyumbani, na mwezi wa pili akaanza kusoma kwa sauti. Wazazi wenzangu, mkiandikiwa neno hilo, jibuni. Mwalimu anatafuta njia ya kumvutia mtoto ndani.

Jambo la mwisho kwa wageni wapya. Ukiambiwa "uchi ni asobi ni kite ne", njoo kwetu tutembeleane, shukuru na usubiri. Mwaliko wa kweli utakuja na siku na saa. Siku ikifika, sisi tunapiga hodi tukiwa nje. Wao wakishafungua unasema "ojama shimasu", nakuja kuwasumbua, wakati unapanda kutoka kwenye genkan, pale mlangoni pa kuvulia viatu. Ndiyo, kuingia ni "kupanda", agaru, kwa kuwa sakafu ya ndani iko juu. Viatu unavielekeza mlangoni. Ndara za chooni zibaki chooni.

Kutoka: Kaka wa Bukavu, sasa Hiroshima

Dada wa Saitama, nimefanya kazi hiyo yako kwa miaka sita. Watu wanakupa lugha, mimi nikupe kazi.

Hali ya bibi huyo ina jina, utaiona kwenye kumbukumbu za wakaazi: kitaku ganbō, hamu ya kurudi nyumbani. Huja zaidi jioni. Usimwambie nyumba ni hapa, usimwambie nyumba yake imeuzwa, wala usimdanganye kuwa mwanawe yuko njiani kama haji. Ukimpinga, atakuona mtu wa nje anayemzuia. Muulize habari za huko anakotaka kwenda. Mwombe akueleze njia. Na mpe kazi ya mikono, kwa sababu kwa wengi wao jioni ilikuwa saa ya kupika na kusubiri watu, na miili yao inakumbuka kwamba kuna mtu anasubiriwa.

Mara nyingi hiyo uchi siyo nyumba aliyotoka alipokuja kwenu. Ni ya utotoni. Mzee mmoja wa hapa, kila jioni alitaka kwenda kwa mama yake. Mimi kwetu Bukavu sijarudi tangu nitoke, na mama yangu amefariki nikiwa huku. Nilikaa naye nikamwambia na mimi nataka kwenda kwa mama. Akanishika mkono, tukanyamaza pamoja hadi chakula kikaletwa. Sikufundishwa hilo darasani na sisemi ndiyo kanuni. Nakwambia lililotokea.

Kutoka: Dada wa Saitama

Asanteni sana wazee wangu na ndugu zangu. Kaka, pole kwa mama.

Naandika nikitoka zamu. Jana saa kumi na moja jioni alikuwa mlangoni na mkoba wake. Nikamwendea, nikapiga magoti ili tutazamane, nikasema: "O-uchi ni wa, dare ga imasu ka?" Huko kwenu kuna nani? Nimelitamka.

Akafikiri kwanza. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Mama. Kaka mkubwa. Kaka mdogo. Mbuzi. Na kaiko, viwavi wa hariri. Kwao ni Chichibu, milimani, magharibi ya mkoa huu huu, na dari yote ya juu ilikuwa ya viwavi. Akaniambia usiku ukilala unawasikia wakitafuna majani ya mforosadi, sauti kama mvua. Alitaka kurudi kuchuma majani kabla ya giza, kwa sababu wakikosa chakula usiku mama anahangaika peke yake.

Nikamwambia majani ya leo nimeshayachuma, lakini nina taulo nyingi hazijakunjwa. Kaka, najua umesema nisidanganye, na hapo nilidanganya. Sikupata neno jingine. Akaziangalia taulo, akaweka mkoba chini. Tulikunja zote hadi chakula cha jioni, yeye ananisahihisha pembe.

Kwenye kitabu cha zamu nimeandika Chichibu, viwavi, mama, kaka wawili, ili anayeingia leo jioni ajue pa kuanzia. Mwenzangu yule ameongeza chini yake kwa kalamu nyekundu: kesho aletewe tawi la mforosadi, upo mmoja nyuma ya maegesho.