Nimelipia katuni, mtoto wangu wa miaka minne akaonyeshwa jinamizi

Ndugu zangu mlio Kampala na mna watoto wadogo, someni hii kabla hamjakata tiketi za Jumamosi.

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka minne na mtoto wa dada yangu wa miaka saba kwenye ukumbi wa sinema, ndani ya mojawapo ya maduka makubwa ya hapa mjini. Katuni ya saa nane mchana. Kwa binti yangu ilikuwa mara ya kwanza. Wiki nzima alimtangazia kila mtu dukani kwetu kwamba anakwenda kuona "TV kubwa kuliko nyumba". Tiketi tatu, bisi, soda, bodaboda kwenda na kurudi, shilingi 100,000 ziliisha zote. Kwangu hizo ni pesa nyingi, lakini si pesa zinazonifanya niandike.

Taa zikazimwa. Matangazo, kisha trela. Ya kwanza ilikuwa ya katuni nyingine, watoto wakashangilia. Ya pili ikaanza na nyumba yenye giza, kimya kabisa. Kabla sijamziba macho, mwanamke aliyening'inia darini akaachama mdomo hadi kifuani na spika zote zikapasuka kwa mlio mmoja. Binti yangu, aliyekuwa mapajani mwangu, hakulia. Alikamata nywele zangu kwa mikono miwili, akakaza, na nikahisi gauni langu linalowa. Bisi zote chini. Nyuma yetu watoto wa watu wanapiga mayowe, na trela inaendelea tu mpaka mwisho.

Nikawatoa wote wawili. Kijana wa mlangoni akaniambia, "Nyabo, hiyo ni trela tu, filamu yenyewe bado." Nikataka meneja. Alikuja, hakumtazama hata mtoto, akasema trela "zinakuja na filamu" na wao hawana la kufanya.

Si kweli! Siku hizi filamu haziji kwenye mikanda. Zinakuja kama mafaili: filamu faili lake, kila trela faili lake. Ukumbi wenyewe ndio unaozipanga kwenye mashine yao, hii itangulie, hii ifuate. Hata kama msambazaji ameomba trela yake ionyeshwe, aliyeiweka mbele ya katuni ya saa nane mchana ni mtu wa ukumbi ule, kwa kidole chake. Uingereza trela hupewa daraja la umri peke yake, mbali na filamu inayoitangaza, kwa sababu wanajua aliyekuja kutazama kitu kimoja hakuomba kuonyeshwa kingine. Na hapa kwetu Baraza la Habari limepewa kazi ya kukagua filamu tangu sheria ya 1995. Sasa kukagua gani huku, ikiwa katuni imepita salama na kilichobandikwa mbele yake hakuna aliyekiangalia?

Nimekulia Jinja, kwenye vibanda vya video vya mabenchi ya mbao. Mwenye kibanda cha mtaani kwetu hakuwa na kiyoyozi wala sare, lakini kabla ya kuweka filamu ya kutisha alikuwa anawasha taa, anatuita watoto kwa majina, "Wewe, wewe na wewe, nyumbani!" Hatukulipa hata robo ya nilicholipa juzi.

Sauti nayo. Kiwango cha kawaida cha kumbi za sinema ni desibeli 85, na mlio wa ghafla unaweza kufika 105 kwa kila mkondo wa spika. Hiyo 85 ndiyo NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeiwekea kikomo cha saa nane kwa mfanyakazi, mtu mzima. Kwa 105 kikomo hakifiki hata dakika tano. Kitufe cha kupunguza kipo kwenye chumba cha mitambo. Kwenye onyesho lililojaa watoto wa chekechea, kwa nini hakiguswi?

Najua kuna atakayeniuliza mtoto wa miaka minne alifuata nini sinema. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja ya skrini kwa siku, na kwa hilo sibishani. Siku ile nilikuwa nimevuka mpaka kwa hiari yangu. Lakini ukumbi uliniuzia tiketi ya mtoto, ukampa kiti cha kuinulia watoto, ukaandika "familia" kwenye bango. Umri wake waliujua.

Ninachotaka ni trela za katuni mbele ya katuni, sauti ishushwe, na yule meneja amwombe radhi mama yeyote aliyetoka mle na mtoto aliyelowa. Pesa zangu wakae nazo.

Usiku wa tano leo, taa ya koridoni inawaka mpaka asubuhi, Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, inakwisha, na kila akitaka kwenda chooni ananivuta nitangulie nitazame darini. Kama nawe ulikuwa na watoto ukumbini siku ile, au yamewahi kukukuta kwingine, andika hapa chini. Nakwenda kuwaona tena Jumatatu na sitaki kwenda peke yangu.